Mwaka Niliokuwa Balozi wa Nyumba Kumi Mjini Kobe

Katika mtaa wetu wa mlimani mjini Kobe, kila Aprili nyumba moja hukabidhiwa sanduku la plastiki. Ndani mna daftari la ada, kitabu cha risiti, mhuri wa kikundi, ramani ya mtaa yenye majina ya wenye nyumba, na ufunguo wa stoo ya ndoo na majembe iliyo kando ya bustani ya watoto. Hakuna kampeni wala kura. Sanduku huzunguka nyumba kwa nyumba kwa kufuata mstari, na mwaka ule mstari ulifika mlangoni kwetu. Jirani wa mkabala, bibi aliyevuka miaka themanini, aliliweka kwenye ngazi, akainama, akaniita "Hanchō-san" kwa mara ya kwanza, akaenda zake. Tangu hapo hadi mwaka ulipokwisha, karibu mtaa mzima uliniita kwa cheo hicho, hata wale waliokuwa wakilijua jina langu vizuri.

Hanchō ni mkuu wa kikundi cha nyumba kumi na kitu. Vikundi kadhaa huunda chōnaikai, yaani umoja wa wakazi wa mtaa, na Japani nzima ina umoja wa namna hii karibu 300,000. Si ofisi ya serikali, ingawa serikali za miji huutegemea kwa mambo mengi, kuanzia kusambaza matangazo hadi mazoezi ya kuzima moto. Nilipompigia mama simu Tanga nikamweleza kazi niliyopewa, alicheka mpaka akapaliwa.

"Mwanangu, umevuka bahari zote hizo ukaenda kuwa balozi wa nyumba kumi?"

Hakukosea sana. Enzi za Edo, karne ya 17 hadi ya 19, watawala walizifunga kaya tano tano pamoja, na mmoja akikwepa kodi wenzake ndio wanaobanwa. Mwaka 1940, vita vya China vikiendelea, Wizara ya Mambo ya Ndani iliamuru kila mtaa uwe na vikundi vya kaya kumi hivi, tonarigumi, vya kugawa chakula cha mgao, kuzima moto wa mabomu, na pia kuchunguzana. Wamarekani walipoikalia nchi walivipiga marufuku mwaka 1947. Ukaliaji ulipokwisha mwaka 1952 vikarudi, safari hii kwa hiari. Aliyewahi kuishi chini ya mabalozi wa TANU, au anayeifahamu Nyumba Kumi ya Kenya iliyoanza mwaka 2013, hahitaji kuelezwa zaidi: chombo kilekile kinaweza kukuletea sukari, na kinaweza kukuchongea.

Wageni wengi wanaoishi Japani hawakutani kabisa na mambo haya. Wanapanga kwenye maghorofa, ada inakatwa kimyakimya ndani ya kodi ya nyumba, basi. Mimi nilijikuta huku kwa sababu ya bei. Kobe ni jiji jembamba lililobanwa kati ya milima ya Rokko na bahari. Mtu akikuelekeza njia hataji kaskazini wala kusini, anasema duka liko upande wa mlima, benki iko upande wa bahari, na ukishazoea unaona ni akili kuliko dira. Kazi yangu iko upande wa bahari, kwenye kampuni inayosafirisha magari yaliyotumika, mengi yakiishia Dar es Salaam na Mombasa. Nyumba niliyoweza kuilipia iko upande wa mlima, mahali ambapo ngazi ni nyingi kuliko barabara. Wazee wanashindwa kuzipanda, vijana hawataki. Hesabu ya nyumba ya mwaka 2023 ilikuta nyumba milioni 9 nchini kote hazina mtu, karibu 14 katika kila 100, na kwenye ngazi zetu ungeziona kwa macho: bustani imekuwa msitu, sanduku la barua limezibwa kwa gundi.

Tulipohamia, mimi na mke wangu tulifanya kile ambacho mwenye kampuni ya kuhamisha mizigo alitunong'oneza: kabla ya kupanga vyombo, pita nyumba tatu za mkabala na mbili za ubavuni, kila moja na taulo jipya lililofungwa kwa karatasi, useme jina lako na kwamba utakuwa ukiwasumbua. Maneno mafupi. Hakuna anayekukaribisha ndani, na ukiingia utakuwa umewatia mashakani. Mimi mtoto wa Tanga, niliyezoea kwamba mgeni asiponyweshwa hata maji basi kuna ugomvi, nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba tumekataliwa. Mke wangu akasema, "Subiri, hawa hawajui kwanza sisi ni watu wa kutoa takataka siku gani." Alikuwa amepatia zaidi ya alivyofikiri.

Kujiunga na chōnaikai si lazima. Mahakama ya Juu ya nchi iliamua mwaka 2005 kwamba mwanachama anaweza kujitoa muda wowote anaotaka. Rafiki zangu tunaokutana Ijumaa kwenye msikiti wa Kobe, uliojengwa mwaka 1935 na ukasalimika katika mabomu ya vita na katika tetemeko la ardhi, wengi waliniambia nisijitie kitanzi: utalipa yen mia kadhaa kwa mwezi upate kufagia majani ya wengine. Nilijiunga kwa sababu ya hilo tetemeko. Tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, Kobe iliporomoka. Walikufa zaidi ya watu 6,400, wengi wao wakiwa wamefunikwa na nyumba zao wenyewe, na wengi mno kati ya waliochomolewa hai walichomolewa na ndugu na majirani, maana magari ya zimamoto hayakutosha na barabara zilikuwa zimekatika. Huku mlimani gari la zimamoto halifiki hata siku ya kawaida. Nikajiuliza nani atakayejua kwamba sisi tunalala chumba cha nyuma. Jibu lilikuwa kwenye ile ramani ya sandukuni.

Kazi ya hanchō inayorudi kila mara ni kairanban. Hili ni jalada lenye ubao mgumu nyuma, ndani yake matangazo: ratiba ya takataka, chanjo za mbwa, onyo la matapeli wa simu, shule inafanya michezo lini. Juu kabisa imebandikwa orodha ya nyumba. Ukishasoma unagonga mhuri wako kwenye jina lako, unalipeleka nyumba inayofuata, unalitundika mlangoni. Linazunguka mpaka linarudi kwa hanchō. Kuna waliopendekeza tuliue jalada hili na kuhamia kwenye kundi la simu, kama mitaa mingine ilivyofanya, na mwanzoni niliwaunga mkono kwa moyo wote. Habari yenyewe nilikuwa nimeshaisoma kwenye tovuti ya jiji siku nyingi kabla jalada halijafika.

Lakini baada ya miezi michache sandukuni nikaanza kulisoma jalada kwa namna nyingine. Nilijua mwendo wake. Nyumba fulani huligonga mhuri siku hiyohiyo, nyumba fulani huchukua siku mbili kwa sababu baba mwenye nyumba hurudi usiku. Likikwama mahali pasipo pa kawaida, hiyo ndiyo habari. Safari moja lilikaa kwa mzee anayeishi peke yake karibu wiki, nikaenda kupiga kengele. Hakujibu. Nikamwendea minsei-iin wetu. Huyu ni mtu wa kujitolea, halipwi mshahara, ameteuliwa na Waziri kuangalia ustawi wa wakazi. Nchi nzima wako karibu 230,000, na mizizi ya mfumo huo inarudi hadi mkoa wa Okayama mwaka 1917. Mama huyu alitoa daftari lake, akapiga simu mbili, akaniambia mzee yuko kwa binti yake mjini Himeji, jino linamuuma. Basi. Jambo lilikwisha hapo, lakini mzee aliporudi alikuja kuniomba radhi kwa kulichelewesha jalada, na mimi nikajua kwamba naye ameelewa sikuja kwa ajili ya jalada.

Nchi ambayo watu 29 katika kila 100 wana miaka 65 au zaidi imebuni macho mengi ya namna hiyo, yasiyojitangaza kuwa macho. Akina mama wa Yakult wanaouza maziwa ya chachu mlango kwa mlango wamekuwa wakiwajulia hali wazee wanaoishi peke yao tangu mwaka 1972, kwa mapatano na halmashauri za miji. Mtu anakuletea kichupa, mnasalimiana, na usipofungua mlango kuna atakayeambiwa. Kule kwetu tungesema mtu anapita kuchungulia. Hapa kuchungulia ni utovu wa adabu mkubwa, kwa hiyo inatakiwa kuwe na kitu mkononi: jalada, kichupa, bahasha ya mchango. Bila kitu mkononi huna sababu ya kusimama mlangoni kwa mtu. Nilipolishika hilo nikaacha kuwaona baridi. Mtu ambaye tangu nihamie tulikuwa tukiinamiana tu alinieleza habari ya ugonjwa wa mkewe siku niliyokwenda kuchukua ada, tukiwa tumesimama, risiti iko mkononi, kwa muda mrefu kuliko ambavyo ningethubutu kumsimamisha.

Takataka nitazipitia haraka, kwa kuwa kila anayeandika kuhusu Japani huanzia hapo. Ndiyo, zinatengwa, ndiyo, kuna mifuko maalumu ya jiji, ndiyo, kama huna hakika chupa iende wapi kuna kitabu. Kuna mji mdogo wa Kamikatsu, mkoa wa Tokushima, unaozitenga mafungu zaidi ya 40, kwa hiyo sisi wa Kobe tuna raha. Lisilosemwa sana ni zamu ya kituo cha takataka: nyumba moja kwa wiki hutandaza wavu wa kuzuia kunguru, na gari likishapita hukunja wavu, hufagia na kumwaga maji. Na kwetu adui mkubwa si kunguru. Ni nguruwe mwitu. Wanashuka kutoka Rokko wakitembea mtaani kama wenye viwanja, mama na watoto nyuma, na jiji lilitunga sheria ndogo mwaka 2002 ya kukataza watu kuwalisha. Mfuko ukitolewa usiku badala ya asubuhi kabla ya saa mbili, utaukuta umetawanywa ngazi nzima. Nilipomtumia mama picha ya mmoja wao amelala mbele ya geti letu, alinijibu kwa dua ndefu.

Likizo ya kiangazi hanchō huamka mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi redio ya taifa, NHK, hupiga mazoezi ya viungo yaliyoanza mwaka 1928, yalipobuniwa na idara ya bima ya posta kwa kuiga redio za Marekani, na watoto hukusanyika bustanini na kadi shingoni ili wagongewe mhuri wa mahudhurio. Mimi ndiye niliyegonga. Nusu ya watoto huwa bado wamelala kwa miguu, bibi zao ndio wanaoruka.

Agosti, katika likizo hiyohiyo, kuna jambo ambalo hata Wajapani wa Tokyo hawalijui sana. Huku Kansai, eneo la magharibi lenye Kobe, Osaka na Kyoto, karibu na tarehe 24, kila kona yenye kijibanda cha Jizō, sanamu ndogo ya jiwe iliyovalishwa kitambaa chekundu na kuaminiwa kuwa mlinzi wa watoto, husafishwa, huwashwa taa za karatasi, na watoto hutoka kijibanda hiki kwenda kile wakipewa mifuko ya peremende. Mimi ni Mwislamu, na hilo nililisema mapema, kwenye kikao cha maandalizi, kabla mtu hajanipangia kazi ya kusimama mbele ya sanamu. Nilijiandaa kwa maelezo marefu. Mzee aliyekuwa akiongoza kikao aliandika kitu kwenye karatasi yake akasema, "Basi Hanchō-san akae barabarani awavushe watoto," akapita ajenda nyingine. Nimekaa barabarani na fulana inayong'aa, binti yangu akipita na mfuko wake uliojaa, na sijawahi kuulizwa tena. Kwa watu ambao wanasemwa kuwa hawapendi tofauti, nimeona mara nyingi kwamba kinachowasumbua si tofauti yenyewe, ni kuambiwa dakika za mwisho.

Katikati ya mwaka ule tulifiwa mtaani. Hapa nilihangaika zaidi kuliko popote. Kazi ya hanchō ni kupeleka taarifa: jina, saa ya mkesha, ukumbi, familia inapokea au haipokei kōden, yaani ubani wa fedha. Zamani watu walipeleka udi wenyewe, siku hizi ni noti ndani ya bahasha maalumu iliyofungwa uzi mweusi na mweupe kwa fundo lisilofunguka. Jina huandikwa kwa wino uliofifia. Noti zisiwe mpya, maana mpya ni za harusi, zinaonyesha ulikuwa umejiandaa. Kama unazo mpya tu, zikunje mara moja. Usitoe kiasi chenye nne. Jirani hutoa yen 3,000 au 5,000. Ukumbini kuna meza, na kwenye meza kuna watu wawili na daftari, wanaandika jina na kiasi.

Lile daftari lilinituliza. Hakuna Mtanzania asiyelijua. Udi sikuwasha, nilisimama, nikainamisha kichwa mbele ya picha ya marehemu, nikarudi nyuma, na hakuna aliyeshtuka. Wiki kadhaa baadaye likaletwa boksi: majani ya chai na barua ya shukrani. Thamani yake ilikuwa karibu nusu ya nilichotoa. Nikaambiwa ndiyo desturi, nusu au theluthi hurudi, na ndiyo maana katika Kansai familia nyingi sasa hukataa bahasha tangu mwanzo, kukwepa hesabu hiyo.

Chai ile ilikaa juu ya friji, sikuifungua. Kwetu mtu akikuletea ubani, deni linabaki makusudi. Daftari linatunzwa miaka, na siku ya msiba wao unalifungua, unaona waliandika nini, unaongeza kidogo. Deni lisilokwisha ndilo linalotufanya tuwe majirani. Hapa niliona deni linafungwa haraka, kwa kiwango kinachojulikana, ili mtu asije akalala akiwa na mzigo wa mwenzake. Nilihisi kama nimerudishiwa chenji. Nikamweleza mke wangu kwamba sasa nimewaelewa: hawa wanasaidiana vizuri kuliko sisi, lakini hawataki kudaiana, na wasiodaiana hawawezi kuzoeana. Niliamini hivyo kwa miezi kadhaa, na niliwahubiria hata rafiki zangu wa msikitini.

Desemba ya mwisho wa mwaka tunazunguka usiku na vipande viwili vya mbao ngumu vilivyofungwa kamba. Unavigonganisha mara mbili, kisha wote mnapaza sauti, "Hi no yōjin!", jihadharini na moto. Desturi hii ni ya miji ya mbao. Mwaka 1657 moto uliiteketeza sehemu kubwa ya Edo, Tokyo ya leo, na watu hawajasahau. Sauti ya zile mbao inapanda ngazi na kurudi kutoka mlimani. Binti yangu alidai kuzishika yeye, akapewa, na akawa anapiga kelele kuliko wazee wote.

Januari ndiyo mtihani wa hanchō wa Kobe, kwa sababu ya kumbukumbu ya tetemeko. Mazoezi ya mtaa wetu hufanyika uwanja wa shule ya msingi, ambayo pia ndiyo makimbilio siku ya maafa. Kila kikundi huja na orodha ya nyumba zake, na hanchō anahakiki nani yuko, nani hayuko, nani hawezi kutembea. Kisha kupokezana ndoo kwa mstari. Kisha jeki ya gari: tunafundishwa kuinua boriti iliyomlalia mtu, kwa jeki ile ambayo mimi huiona kila siku kazini nyuma ya magari yanayosubiri meli. Wazee husimulia habari za Mano, mtaa wa wilaya ya Nagata, ambako mwaka 1995 moto ulipokuwa ukila mitaa ya jirani, wakazi na wafanyakazi wa kiwanda cha pale walipambana nao wenyewe hadi ukazimika. Mano ilikuwa na umoja wa wakazi wenye nguvu miaka mingi kabla ya siku ile, tangu ilipopigania hewa safi dhidi ya moshi wa viwanda. Wanapolitaja hilo, watu wa mtaani kwetu huacha utani.

Mwishoni mwa mazoezi hupikwa chakula kwenye masufuria makubwa, kama itakavyokuwa siku yenyewe. Kila mwaka ni wali na mchuzi wa nguruwe na mboga. Nikapendekeza kikaoni kwamba mwaka huu nipike pilau. Nimekulia kwenye shughuli za watu mia mbili, sufuria na kuni hazinitishi. Pendekezo lilipokewa kwa heshima na likafa pole pole. Viungo havikuwa kwenye orodha ya mzio. Bajeti ilikuwa imeshapitishwa. Wazee hawawezi pilipili manga. Nilikuwa nimeshakubali kushindwa, ndipo bibi wa mkabala, ambaye vikaoni huwa hasemi neno, akauliza: siku ya tetemeko, watu wa nyumba ya Hanchō-san watakula nini? Kukawa kimya kirefu, kile cha Kijapani ambacho usikikatize. Mwenyekiti akafungua upya ukurasa wa vifaa. Ikaamuliwa kuwe na sufuria ya pili, ya kuku, ipikwe kwanza na kijiko chake. Siku ya mazoezi waliopanga foleni kwenye sufuria ile hawakuwa sisi tu. Kulikuwa na wazee walioambiwa na daktari waache mafuta ya nguruwe, na familia mpya ya Kiindonesia iliyohamia chini ya ngazi na ambayo hatukuwa na habari nayo.

Kisha ikaja Machi na dagaa. Majira ya kuchipua yakikaribia, akina mama wa Kobe na Akashi hununua ikanago, vidagaa vyembamba vya Bahari ya Ndani ya Seto, huvichemsha siku hiyohiyo kwa sosi ya soya, sukari na tangawizi mpaka vinakuwa vya rangi ya kahawia na kujikunja, kisha hugawa. Mtaa mzima hunukia. Hugawiwa kwa jirani, kwa ndugu walio mbali, kwa daktari wa meno. Tangu mwaka 2017 vimeadimika mno. Msimu uliokuwa wa wiki kadhaa siku hizi unaweza kufungwa baada ya siku chache, na watafiti wa mkoa wa Hyōgo wanaeleza kwamba maji yamesafishwa hadi bahari imekosa virutubisho vya kuwalisha samaki. Bei imepanda vibaya, lakini bibi wa mkabala alipika. Alileta bakuli la plastiki lenye mfuniko, akasema kwa haraka kwamba hili hakutia mirin wala sake, zile pombe za mchele, ameongeza tangawizi tu, kwa hiyo kama halina ladha tumsamehe.

Lilikuwa tamu, la kulia na wali wa moto bila kitu kingine. Bakuli lilipokwisha mke wangu aliliosha, akalijaza visheti, akampelekea. Nilimwonya: utamtia deni, atarudisha nusu. Bibi alilipokea, akafungua, akacheka akiwa ameziba mdomo. Akasema mama yake pia alikuwa hakubali chombo cha jirani kirudi kitupu. Ukikosa kitu kabisa, zamani ulitia kiberiti ndani, ilimradi kisirudi kitupu. Siku hizi vijana wanarudisha na mfuko wa duka, wamesahau. Wiki iliyofuata bakuli lilirudi na viazi vitamu. Tukatia kashata. Mpaka leo sijui lile bakuli ni la nani.

Kwa hiyo mahubiri yangu ya msikitini ilinibidi niyapunguze makali. Wana madaftari mawili. La mezani hufungwa na kuhesabiwa, hata nusu yake. La jikoni halina hesabu. Mgeni huonyeshwa la kwanza, na hulikuta la pili baada ya kubeba sanduku.

Aprili ikafika na mkutano mkuu. Hesabu zilisomwa hadi yen ya mwisho, na mzee mmoja alisimama kuuliza kwa nini stempu zimegharimu zaidi ya mwaka uliopita. Nilijibu, risiti zikapita mkono kwa mkono, akaridhika. Sanduku lilikwenda kwa nyumba inayofuata upande wa mlima, mume na mke vijana, ambao nimewaandikia kurasa za maelezo kama nilivyoandikiwa mimi: nani hasikii kengele, nani apewe risiti mara mbili, jalada lisiachwe nje mvua ikinyesha. Wanataka kuhamisha matangazo yote kwenye simu, na nimewaomba wajaribu lakini jalada liendelee kutembea walau mara moja kwa mwezi, hata likiwa na karatasi moja. Hilo bado linajadiliwa.

Nilidhani nimemaliza. Mwenyekiti akatangaza kwamba kamati ya maafa inahitaji mtu anayejua jeki. Macho yote yakanigeukia kwa adabu, kisha yakaangalia chini. Nilikubali, kwa sharti kwamba sufuria ya pili iandikwe kwenye bajeti ya kudumu, pamoja na mfuniko wake. Mweka hazina aliuliza kipenyo.